Mama Hakuwahi Kunipakata

Mama yangu hakuwahi kunipakata. Naanza na hilo kwa sababu ndilo nililomkasirikia kwa muda mrefu kuliko jambo jingine lolote. Mtaani kwetu Tabora nyumba zimebanana, kila baraza lina wanawake wanaochambua mchele au kusukana, na kila mwanamke alikuwa na mtoto mapajani, wake au wa jirani. Mimi nikimsogelea mama, alitanguliza kiganja chake kifuani kwangu. Hakunisukuma. Aliniweka tu pale kiganja kilipofikia, akasema, "Kaa hapo pembeni, mwanangu. Hapo hapo." Nikishakaa, mkono ule ule ulinizunguka mabega ukanivuta, nikawa nasikia harufu ya asali kwenye kanga yake. Lakini mapajani, hapana. Nilidhani kuna kosa nililozaliwa nalo.

Alikuwa anauza asali sokoni. Watu wa Ipole walimletea kwa madumu waliyoyafunga juu ya basi, wakifika wanamwita mayu, yaani mama, na kumpa mwangaluka, salamu zao za Kinyamwezi, naye anazijibu kwa lafudhi ya mjini mpaka wanacheka. Alikuwa na ulimi. Mteja akiuliza kama asali ni halisi, mama anamjibu, "Hapana baba, nimeichemsha jana kwa sukari ya kukopa." Na mteja ananunua. Alikaa nyuma ya meza kwenye kigoda, kanga mbili zimefunika magoti mpaka chini, hata mwezi wa kumi, wakati Tabora inawaka na watu wazima wanatamani kukaa uchi.

Kutoka sokoni hadi nyumbani si mbali, lakini safari yake ilikuwa ndefu kwa sababu alimsalimia kila mtu. Alisimama kwa fundi baiskeli akauliza hali ya watoto. Akasimama kwa muuza kahawa akauliza kama mkewe amesharudi kutoka kwao. Nilikuwa nimebeba kapu, jua linanichoma, najiambia mama yangu anapenda watu kupita kiasi. Kumbe alikuwa anapumzika. Hayo niliyajua baadaye, nilipoanza mwenyewe kusimama njiani kuwauliza watu habari za watoto ambao wala sikuwakumbuka.

Sisi wa huku tuna majivuno ya miguu. Mababu walibeba mizigo ya misafara kwenda pwani na kurudi, na mtoto akilalamika amechoka huchekwa kwamba ameivunjia heshima njia. Mama alijichekea mwenyewe: "Babu yangu alifika Bagamoyo na pembe begani. Mimi msikitini tu ni Makka." Tulicheka wote. Baba alikuwa fundi cherehani, na ndiye aliyemshonea suruali pana za kuvaa ndani ya gauni. Alifariki nikiwa shule ya msingi, na baada yake hakubaki mtu duniani aliyewahi kuiona miguu ya mama.

Mwaka niliovunja ungo, miguu yangu ilianza kujaa. Si mwili wote. Kiuno kilibaki kile kile na mikono ikabaki mikavu, ila kuanzia nyonga mpaka kwenye vifundo nikawa kama nimeazima miguu ya mtu mwingine. Nikigonga meza kidogo tu, linatokea baka jeusi la damu linakaa wiki nzima. Siku moja mama aliingia chumbani nikiwa nimejifunga kanga fupi natoka kuoga. Aliangalia miguu yangu, akakaa kitandani. Kesho yake alileta kitambaa cha sketi ndefu.

"Usimwonyeshe mtu," aliniambia. "Hata shoga yako."

"Kwani nina nini, mama?"

"Matende," alisema, kwa sauti ndogo, kama ametaja jina la marehemu. "Yamo kwetu. Watu wakijua hawaposi nyumba hii."

Basi likawa neno letu la ndani. Wakati ule walikuwa wakipita watu wa afya mtaani kugawa vidonge vya kuzuia matende. Wana fimbo yenye alama. Wanakusimamisha, wanakupima urefu, urefu wako ndio unaosema unameza vingapi. Mama aliwapokea kama wakwe. Aliwawekea viti, akawapa asali kwenye visahani, akanisimamisha kwenye fimbo na kunihimiza, "Nyoosha shingo, mwanangu, nyoosha." Alitaka nionekane mrefu ili nipate kidonge kimoja zaidi. Vya kwake alivipokea, akavitia mdomoni, akanywa maji mbele yao. Walipotoka alivitema kiganjani na kunipa. Nilivimeza vikiwa vimelowa mate yake, nikatapika hadi jioni. Yeye aliamini kwake ugonjwa umeshakomaa, dawa haina kazi, heri kinga yake aipate mtoto. Sasa nikikumbuka nataka kumshika mikono ile na kumwambia asifanye hivyo. Siku ile nilimnunia tu.

Huko nje, wenzangu walinisifu. Mguu wa bia, walisema, na wavulana walipiga miluzi kwa kile walichokibashiri ndani ya sketi. Nilichoka na sifa ambazo zikiguswa zinauma. Nilipoolewa, siku ya singo, ya kusuguliwa mwili, kungwi alinilaza mkekani na kuanza kunisugua huku wanawake aliokuja nao wanaimba. Mikononi na mgongoni, sawa. Alipofika kwenye mapaja niliuma kanga ili nisipige kelele. Mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Msugue taratibu miguuni," alisema. "Panauma."

"Eti panauma!" kungwi akacheka. "Mke wa watu analelewa kama yai?"

Wanawake wakacheka naye. Mimi nilimwangalia mama. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote kwamba panauma, na katika maelezo yake yote ya matende hakuwahi hata mara moja kutaja maumivu.

Mume wangu ni mtu wa reli. Tulianzia Kigwa, kituo ambacho treni ikishapita unabaki na kuku tu, kisha akahamishiwa Dar es Salaam. Tulipata binti, na uzazi ule ndio ulionimaliza. Miguu iliongezeka uzito, ngozi ikawa na mabonde, usiku nikigeuka kitandani naamka. Sikuweza kukaa tahiyatu. Nikaanza kuswali kwenye kiti pamoja na vikongwe. Kila daktari aliniambia nipunguze ugali. Nilipunguza. Nilipunguza na wali, chapati, chai ya maziwa, nikabakiza majani, mpaka mashavu yakaingia ndani na watu wakanong'ona kwamba nina ukimwi, na miguu iko pale pale, haikupungua hata uzi. Niliwachukia watu wote wembamba wa mji ule.

Kilichonipeleka kwa daktari mwingine ni jambo dogo. Binti yangu alikuwa ametoka kuanguka uwanjani, analia, anakuja mbio kunirukia mapajani. Kiganja changu kikatangulia kifuani kwake. "Kaa hapo pembeni, mwanangu," nikasema. "Hapo hapo." Ilikuwa sauti ya mama yangu, na kiganja kilikuwa cha mama yangu, na mtoto alinitazama kwa macho ambayo nayajua kwa sababu nilikuwa nayo mimi. Niliingia chooni nikalia kama mtu aliyefiwa.

Daktari huyo alikuwa mwanamke wa makamo yangu. Hakuniuliza nakula nini. Alivuta kigoda, akashika mguu wangu kwa mikono miwili na kubonyeza, nikaruka.

"Pole, dada," alisema. "Tazama nyayo zako. Nyembamba. Uvimbe umekomea kifundoni kama umefungwa uzi. Matende yangevimbisha na nyayo. Hii inaitwa lipedema."

Akanieleza polepole. Ni mafuta yaliyougua chini ya ngozi, miguu yote miwili kwa pamoja, karibu siku zote kwa wanawake. Huanza msichana anapokua, huzidi kwa uzazi, na mara nyingi hutembea kwenye ukoo. Sikuyaleta kwa kula na nisingeyaondoa kwa njaa. Nilitaka alirudie hilo la njaa, akalirudia.

"Mama yako ana miguu ya namna hii?"

"Sijui," nikasema. "Sijawahi kuiona."

Kalamu yake ikasimama. "Hujawahi kuiona miguu ya mama yako?"

Nilitikisa kichwa. Kwa mara ya kwanza nilisikia jinsi jambo lile lilivyo la ajabu.

Alianza na soksi za kubana, zile nzito zinazopanda mpaka pajani, ambazo kuzivaa asubuhi ni mieleka. Zilisaidia kidogo. Baadaye akanipeleka kwa daktari wa upasuaji, na kiwanja tulichonunua Kigwa tukakiuza kulipia. Wanatoboa vitundu vidogo, wanaingiza mirija na kunyonya yale mafuta; kwanza chini ya magoti, halafu unakaa unapona, halafu mapaja. Mashoga zangu walisema nimekwenda kujichonga nifanane na wasichana wa mitandaoni. Laiti wangeniona. Niliamka nimefungwa kama gunia la tumbaku, maji mekundu yanavuja yanalowesha godoro, miguu imekuwa rangi ya zambarau kutoka juu mpaka chini. Wiki za mwanzo nilimlaumu daktari, mume wangu na nafsi yangu. Na baada ya hapo sikupona kabisa, nisidanganye. Daktari aliniambia mapema kwamba huu si ugonjwa wa kung'oa na kutupa, na mpaka leo navaa soksi, na siku za joto miguu hunikumbusha ilikotoka.

Lakini niliweza kusujudu. Nilipanda ngazi za daraja la reli bila kushika ukuta. Na siku moja binti yangu, ameshakuwa mkubwa, miguu yake inafika sakafuni, alikuja akakaa mapajani mwangu kwa wasiwasi, nusu amekaa nusu amesimama.

"Mama, haikuumi?"

"Kaa," nikamwambia. "Kaa na uzito wako wote."

Akakaa. Hapo ndipo nilipoamua kwenda kumchukua mama.

Treni ya kwenda Tabora inafuata ile ile njia ya misafara, na njia nzima nilipanga maneno. Nilimkuta barazani, nikampa shikamoo, akanijibu marahaba na kunitania kwamba Dar es Salaam imeninyang'anya makalio. Tukaingia chumbani. Nikafunga mlango, nikapandisha gauni na kumwonyesha miguu yangu: makovu madogo, magoti ambayo sasa yalionekana kuwa magoti. Alitazama kwa muda mrefu.

"Alhamdulillahi," alisema. "Umepona matende."

"Si matende, mama. Haikuwa matende hata siku moja." Nikamweleza yote, nyayo, ukoo, mafuta, maumivu. "Na wewe ni hiyo hiyo. Nionyeshe tu, nitakupeleka kwa daktari yule yule."

"Yangu ni uzee."

"Mama, nionyeshe."

Alivuta kanga ikafunika mpaka vidole. Ulimi wake wote wa sokoni ulikuwa umekwisha. Aliongea kama mtu anayejiuliza mwenyewe.

"Nilianza nikiwa kigori. Bibi yangu akasema matende, funika, usiolewe ukaja kurudishwa. Nimefunika. Harusi za watu sikucheza. Wewe sikukupakata. Leo unaniambia si matende. Kama si matende, mwanangu, nilikuwa naficha nini?"

Nilitaka kumkumbatia lakini nilikuwa na hasira pia, hasira na bibi yake, na fimbo ile ya vidonge, na madaktari wa ugali, na yeye mwenyewe kwa kung'ang'ania kanga yake mbele yangu mimi niliyetoka humo humo. Nikaondoka Tabora bila kuiona miguu yake.

Nilipofika Dar es Salaam nilimtumia soksi. Duka lilitaka vipimo vya kifundo, vya goti, vya paja. Nikawapa vyangu vya kabla ya upasuaji.

Kila nilipompigia simu niliuliza, "Mama, umezivaa?" Naye alijibu, "Zipo sandukuni." Au, "Zitanisaidia kuchujia asali." Mwishowe niliacha kuuliza. Tukazungumza habari za mvua na bei ya asali. Halafu, mwaka jana, mwenyewe bila kuulizwa, akaniambia, "Huyo daktari wako bado yupo?" Nikamwambia yupo. "Basi uje, tuzungumze." Kwa mama yangu hayo yalikuwa maneno makubwa kuliko kiapo. Nilikata tiketi siku hiyo hiyo.

Alifariki alfajiri nikiwa ndani ya treni. Alikuwa ameshaamka, ameshavaa, anasema anakwenda kunipokea stesheni, na atoke mapema kwa sababu njiani kuna watu wa kuwasalimia. Presha, walisema. Nilishuka na mikoba ya zawadi, nikashangaa kuona majirani wamejipanga kwenye jukwaa, wanatazama chini. Mwanamke mmoja alinivua mkoba begani taratibu. Hapo nikajua.

Nyumbani wanaume walikuwa wanafunga turubai. Nilikaa sebuleni katikati ya wanawake, sioni sawasawa. Chumbani walikuwa wanamwandaa mama kwa kuoshwa. Baada ya muda mwosha, mama mtu mzima aliyeosha nusu ya mtaa wetu, alitoka mlangoni akaniita.

"Mama yako amevaa kitu miguuni hatujui kukivua," alisema. "Tunataka kukata kwa mkasi, lakini nimeona nikuulize."

Niliingia. Mama alikuwa amelazwa juu ya kitanda cha kuoshea, amefunikwa shuka, na chini ya shuka zilitokeza nyayo zake, nyembamba, nzuri kama za msichana. Juu ya vifundo zilianza soksi. Zilikuwa zile zile. Zilikuwa zimepauka kwa kufuliwa, na kwenye vifundo zilikuwa zimeshonwa kwa uzi mweusi, mshono juu ya mshono, kwa mkono wake. Soksi hizo hazidumu; baada ya miezi kadhaa zinalegea, unatakiwa kupata nyingine. Alizishona badala ya kuniambia. Angesema neno moja tu ningemtumia boksi zima. Neno moja, mama!

Nyuma yangu mwanamke mmoja alinong'ona, "Mficha maradhi, kilio humuumbua." Niligeuka nikamwambia atoke. Sikupaza sauti, lakini alitoka.

"Msikate," nikamwambia mwosha. "Mimi najua zinavyovuliwa."

Niliingiza mikono chini ya shuka, nikatafuta ukingo wa juu pajani, nikaanza kuikunja kuja chini, kidogo kidogo, kama nilivyofundishwa. Zilikuwa zimemkaa sawasawa. Vipimo vyangu vilikuwa vipimo vyake. Shuka ilimsitiri, hivyo hata siku hiyo sikuiona miguu ya mama kwa macho. Niliijua kwa mikono. Chini ya ngozi kulikuwa na vile vipunje, kama mtama ndani ya mfuko, vile vile nilivyolala navyo ujana wangu wote. Mkono wangu ulipopita mahali penye kuuma zaidi, ndani ya goti, ukajiinua wenyewe.

"Taratibu hapo," nikamwambia mwosha. "Panauma."

Hakunicheka. "Taratibu, mwanangu," alisema. "Tunamshika taratibu."

Akamimina maji. Ili yafike na upande wa chini, ilibidi mtu ainue mguu na kuushikilia. Wenzake walisogea. Nikawaambia waache, nikakaa kwenye ukingo wa kitanda, nikauinua mguu wa mama na kuulaza mapajani mwangu. Ulikuwa mzito. Uliniuma kwenye makovu, nikauacha uume. Maji yalilowesha gauni langu, yakapita kwenye soksi zangu, yakateremka sakafuni.

"Yametosha," mwosha alisema baadaye. "Tumgeuze."

"Bado kidogo," nikamwambia.